Punje Ndani ya Almasi

"Mgeni ameondoka Thika," Benta alisema kwenye simu. "Anaelekea upande wa Ruiru. Gari gani, sijui."

Ngendo alikata simu, akakanyaga mafuta.

Subaru Forester iliruka ikaingia barabara kuu. Benta, mkuu wake katika idara ya upelelezi, hakuwa mtu wa kurudia neno. Ngendo naye hakuwa mtu wa kutulia, na asubuhi hiyo hata kiti kilimwasha. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi nusu ya Thika huenda ruracio, kupeleka posa, na huko mbele magari yenye utepe na maua yalijaa kama siafu.

Mojawapo lilibeba almasi. Zilichimbwa mbali, kwenye nchi ya vita, na watu waliosimamiwa kwa bunduki. Vyeti vyake vilidai ni almasi za kiwandani, zilizotengenezwa Thika kwenye karakana ya Mzee Gurbachan, fundi wa lenzi. Muhuri wa mzee ulikuwa umeibwa. Tangu Jumatano yeye ndiye aliyelala seli, na mawe yakipaa nje ya nchi, kesi yote ingemwangukia.

Ngendo alimjua tangu akiwa na sare ya shule ya msingi, akichungulia lenzi zake kila jioni bila kufukuzwa. Roho ilimuuma vibaya sana.

Akashika redio. Kyalo, mwenzake, alikuwa mbele na pikipiki, juu ya daraja.

"Unaona nini?"

"Misafara tatu ya ruracio. Zote ziko na maua, zote wamama wanaimba. Nisimamishe gani?"

"Usisimamishe. Ukikosea, yule mwenyewe atatoroka. Ziko na mbuzi?"

"Mbuzi?"

"Kyalo, hata kwenu Ukambani mbuzi ziko. Niangalilie."

Redio ikakwaruza.

"Ya kwanza iko na kondoo kadogo na kambuzi kadogo. Ya pili ni mabeberu wawili kwa pickup. Ya tatu..."

"Rudia ya pili."

"Mabeberu. Wazee kabisa. Harufu inafika hapa."

Ngendo alicheka peke yake. Mkikuyu anayekwenda kuposa mara ya kwanza hupeleka mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Apeleke beberu, wazee watamfukuza langoni kabla hajasalimu. Aliyepanga msafara huo alinunua mbuzi kama mtu anayetafuta nyama choma.

"Ni hao," alisema. "Tangulia."

Msafara wa pili ulikata kona kuelekea Mugutha. Vumbi likatimka. Kwenye shamba lililovunwa mahindi, helikopta ilikuwa imetua, na pikipiki ya Kyalo ilishaielekea.

Ngendo aliingiza Forester kwenye nyasi ndefu za mabingobingo, akatokea mbele yao, akaziba njia. Prado ya kwanza ilifunga breki karibu imguse.

Alishuka Ephantus Karanja, dalali mwenye tabasamu la kukodisha. Alivaa kofia ya mzee wa ruracio na kushika mgwisho. Ngendo alikuwa amesoma faili lake mpaka akachoka na ile sura.

"Mami, tuondolee gari. Wakwe wanangoja."

"Wakwe gani, baba? Mwati iko wapi?"

Ephantus aligeuka akawatazama mabeberu.

Ngendo alichungulia Prado. Nyuma, wanawake wa kukodiwa walikaa wamebanana. Kiti cha mbele kilikaliwa na mtungi wa asali, umefungwa mkanda.

Alikunja mkono wa jaketi, akauzamisha mpaka kiwiko. Chini kabisa akagusa soksi nzito iliyojaa mawe, akaitoa.

"Ni za kiwandani," Ephantus alisema bila wasiwasi. "Za yule Muhindi wako. Cheti hiki hapa."

Simu ikalia. Benta.

"Wakili wao ananipigia kelele. Ukikosa ushahidi hapo hapo, waachilie."

Panga za helikopta zikaanza kuzunguka.

Ngendo alitoa kipimo cha leza, kidogo kama redio yake. Jana, kupitia nondo za seli, Mzee Gurbachan alimfundisha la kutafuta. Almasi ya kiwandani haijui safari. Ya ardhini huzaliwa chini mno, ambako hata mchanga wa kawaida, madini yale yale ya glasi na ya kingo za mto Chania, hubanwa ukageuka kuwa koesaiti, madini adimu. Ni nzito kuliko mchanga wenyewe, ingawa chimbuko ni moja. Huonekana palipoangukiwa na kimondo, au kwenye miamba iliyowahi kuzama mbali ikarudi. Na mara chache, punje yake hufungiwa ndani ya almasi ikapanda nayo.

Alifuta jiwe kwa utepe wa Prado, akalipiga leza. Almasi tupu.

La pili, hivyo hivyo. La tatu pia.

"Umemaliza?" Ephantus aliuliza.

Ndipo akakumbuka neno la mwisho la mzee: usichague kama bibi harusi. Kumbe alikuwa akiokota mazuri.

Alimwaga soksi nzima juu ya boneti. Akatafuta jiwe baya, lenye doa, ambalo sonara angelitupa. Akalifuta. Akabonyeza.

Mstari wa almasi ulitokea kwenye kipimo. Pembeni yake ukachipuka mwingine, wa koesaiti: mia tano ishirini na moja, na zaidi kidogo. Lile zaidi kidogo ndilo lililomsisimua: punje ilikuwa bado imebanwa, ingali na uzito wa kule ilikotoka.

"Hii haikupikwa Thika," alisema.

Ephantus aliegemea boneti kwa mikono yote, akalinyakua jiwe kwa mmoja, akachomoa bastola kwa mwingine. Lakini mikono yake ilishapita kwenye asali ya boneti. Beretta iliteleza ikaanguka vumbini. Alipoinama, Glock ya Ngendo ilikuwa sikioni mwake.

"Weka hiyo mawe chini. Polepole, baba."

Akaliweka.

"Kyalo, rubani?"

"Ametulia. Anaomba kupigia mamake simu."

Panga zikapunguza mwendo, zikasimama.

Ngendo alimtumia Benta picha ya kipimo. Baada ya muda simu ikalia, na safari hii sauti ilikuwa ya uzee, imekauka kwa baridi ya sakafu.

"Wamefungua mlango. Wewe ulipata jiwe?"

"Nimepata, mzee. Baya kabisa."

"Hiyo punje bado imekaza?"

"Bado."

Gurbachan alikohoa. "Vizuri. Hata mimi bado."

Kyalo akafika na rubani. Ngendo alimkabidhi pingu, akaenda nyuma ya pickup, akawafungua mabeberu.

"Hizo ni ushahidi," Kyalo alilalamika.

"Hizo ni nyama. Leta moja kwa mzee jioni."

Akatembea kuelekea Forester bila haraka, akilamba asali kidoleni.