Mshono Chini ya Benchi la Nyuma

Kila siku baada ya masomo, Semeni alipita mwaloni Ujiji, ufukweni maboti yanapotia nanga, kumsaidia baba yake, Fundi Nassib, aliyekarabati maboti ya mbao. Kazi yake ilikuwa kusokota pamba, kuichovya katika mawese na kuishindilia kwa patasi kwenye mishono, yaani nafasi kati ya mbao, ili maji yasipenye. Wapo waliomcheka baba kwa kumfundisha binti ufundi huo. Yeye aliwajibu, "Mkono wake hauachi tundu."

Siku moja pamba ilimwishia Semeni akiwa bado hajamaliza mshono ulio chini ya benchi la nyuma katika boti la Bwana Bonifasi. Aliona aibu kumwambia baba kwamba aliitumia bila kipimo. Akachana khanga kuukuu, akaichovya katika mawese, akaishindilia. Kwa nje, mshono ulifanana na mingine. Boti likaenda safari mbili, likarudi. Semeni akaanza kusahau.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, Mwalimu Aikande alifika mwaloni na wanafunzi watano. Walikuwa wanakwenda kwa boti hilohilo katika kijiji cha kusini, kwenye mashindano ya shule kuhusu historia ya safari za anga za juu. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, na ziwa lilikuwa na rangi ya majivu.

Semeni alikuja kumuaga rafiki yake Happiness, ambaye alikuwa akirudia hotuba yake.

"Mwaka 1957 setilaiti ya kwanza iliizunguka dunia. Mwaka 1961 binadamu wa kwanza alifika anga za juu, na mwaka 1969 watu wawili wa kwanza walitembea mwezini. Lakini mwaka 1986 chombo cha Marekani kilivunjika sekunde sabini na tatu baada ya kuruka. Watu saba walikufa."

"Sababu?" aliuliza Mwalimu.

"Mpira ulioziba maungio ya roketi. Baridi iliufanya mgumu, ukapitisha moto."

"Hakuna aliyejua?" Semeni aliuliza.

"Wahandisi walijua," alijibu Mwalimu. "Katika safari za nyuma mpira ulikutwa umeliwa na moto. Lakini kwa kuwa vyombo vilirudi salama, wakubwa waliona hakuna neno. Wahandisi walionya siku moja kabla, wasisikilizwe."

Wanafunzi wakapanda. Happiness akaketi benchi la nyuma. Semeni alimgeukia baba yake, aliyekuwa akikusanya vifaa kando ya boti.

"Baba, wasiondoke."

"Fundi mdogo, usitucheleweshe," alisema Bonifasi. "Mawimbi hayo yanakuja. Boti hili limekwenda na kurudi mara mbili."

"Hata vyombo vile vya angani vilirudi," Semeni alisema. "Chini ya benchi hilo sikutia pamba. Nilitia khanga."

Mchuuzi mmoja akacheka. "Nilisema mimi. Binti na patasi, wapi na wapi?"

Nassib aliwateremsha watoto wote, akaingia botini, akainama chini ya benchi la nyuma, akapenyeza ncha ya patasi. Khanga ikatoka nzima, nyeusi, ikiteleza kama utumbo wa samaki. Maji yakaifuata taratibu, bila kelele, mpaka yakafunika nyayo zake.

Bonifasi aliyatazama maji, kisha akayatazama mawimbi. Akaishika kamba ya boti mwenyewe.

Walipolivuta boti nchi kavu, Semeni alisubiri kugombezwa.

"Ungeniambia siku ileile, ningekukaripia," baba alisema.

"Na leo, Baba?"

"Leo nimeogopa."

Akampa patasi na pamba mpya, akakaa kando yake mpaka mshono ulipokwisha. Upepo ulitulia alasiri, boti likaondoka. Walisimama wakilitazama hadi likawa doa dogo juu ya maji.

"Mwanangu," alisema Nassib, "pamba kuisha si dhambi. Kuficha ndiko kulikotaka kuwazamisha wenzako. Wala usidanganywe na chombo kilichorudi jana. Kurudi kwake si ushahidi kwamba ni kizima. Anayejua tundu lilipo na awe wa kwanza kusema, hata kama ni yeye aliyeliacha."