Mfanyakazi wa Ruzuku

Asmahan alikutana na Mubarik kwenye foleni ya ofisi ya kazi huko ughaibuni, Jumanne asubuhi mwaka 2004, watu wamejaa hadi mlangoni. Yeye alikuja kusaini apate posho ya wasio na kazi. Mubarik, Msomali aliyekulia Nairobi, alikuja na fomu za kuajiri, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Aliitazama abaya ya zambarau ya Asmahan.

"Hiyo pindo umeshona mwenyewe?"

"Ulidhani nani? Malaika?"

"Basi njoo unishonee mapazia. Niko na shop mtaa wa Stechford. Ukija na hii form, serikali inanisaidia kulipa mshahara wako, six months."

Kwa hiyo mimi ni wa ruzuku, alijisemea Asmahan. Lakini kazi aliitaka, akaenda.

Akashona hasa. Wenye majumba makubwa ya mtaa wa Moseley wakaanza kuagiza mapazia kwa kumtaja yeye. Jioni Mubarik alikuwa akimpigia simu kuuliza rangi ya uzi, na rangi ya uzi ilichukua saa nzima.

"Umekula?"

"Uzi gani huo unaoliwa?"

"Jibu tu, mrembo."

Asmahan alimpenda, na hakujidanganya.

Miezi sita ilipotimia, Ijumaa, Mubarik akamwambia bila kumtazama usoni, "Asmahan, kazi yako hapa inaisha leo."

Damu ilimpanda Asmahan kichwani. Shangazi yake Kijakazi alishamwonya kwamba hela za serikali zikikatika, naye atakatwa. Alichukua mkasi wake akaondoka bila kuaga. Simu ikaita mara saba ndani ya basi, hakupokea. Kulia alilia, lakini Jumatatu alirudi dukani na hijabu nyekundu, akasimama mbele ya wateja.

"Nimekuja kukwambia, mimi si ruzuku. Duka hili nimelijenga kwa mikono hii. Serikali ikiacha kulipa, lipa wewe, au niambie hapahapa kazi yangu mbovu."

Mubarik aliweka kitambaa chini. "Nilikupigia ukakataa kushika. Pesa ya serikali hata sikuifikiria. Nilitaka kutuma wazee kwenu. Kwetu ni aibu kumposa msichana unayemlipa mshahara, watu watasema hangeweza kukataa. So nikangoja six months iishe, nikutoe kazini kwanza."

"Ukanifukuza ili unioe."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza."

Moyo wa Asmahan ulidunda kwa furaha, lakini hasira ilikuwa haki yake na hakuiachia. Alivuta kiti cha cherehani akaketi.

"Andika mkataba. Wako mwenyewe, usio na senti ya serikali. Kukataa naweza, Mubarik, tena vizuri sana. Ukishatia sahihi ndo nitakwambia wazee waje lini."

Mubarik akaandika. Asmahan akausoma mstari kwa mstari, akamrudishia aongeze mshahara. Akaongeza.

"Waje Jumapili," alisema, akiwasha cherehani. "Na nikikataa, Jumatatu nakuja kazini kama kawaida."