Zamu ya Chepkemboi

Mnanisumbua. Kila mkimaliza chai yangu mnataka niwaambie ile ya kompyuta ya Alexander, kwa sababu mmesikia nusu yake kwa majirani na nusu hiyo inachekesha. Haya. Nusu ya pili haichekeshi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ndefu. Jioni nilibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nimpelekee Nelvine, mke wa mwanangu Alexander, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, huku upande wa Sigowet. Alikuwa amejifungua msichana, siku ya tatu hiyo. Na mtoto hakuwa na jina.

Sisi huita majina ya wafu wetu mbele ya mtoto, moja moja, tukimnusisha ugoro kidogo. Akipiga chafya, tumejua ni nani amerudi. Kanisani atapewa lingine, hakuna ugomvi. Mwenye kuita nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi mzee. Niliita majina kumi na moja. Mtoto alinitazama tu. Tangu hapo hakushika titi vizuri. Alikuwa ananyauka kama majani ya chai yaliyolala kwenye gunia.

Kulikuwa na jina ambalo sikuliita.

Sebuleni nilimkuta Alexander na jirani yake Eliakim, mtu wa upande wa ziwa, wamekodolea macho kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya mizani. Walikuwa wanacheza vita. Lakini vita vya adabu: huyu anasogeza askari wake, anatulia, halafu yule anasogeza wake. Kwa zamu.

"Mtoto hanyonyi, na nyinyi mnachezea televisheni," nikasema.

"Amelala kidogo, Mama. Kuja uone maajabu."

Mashine ilikuwa imeharibika kichwa. Farasi amekwama ndani ya ukuta, mkia tu ndio uko nje. Mpishi ameteka mji mzima peke yake, na mwiko. Nilicheka, sitawadanganya.

"Na huyu," Eliakim akasema, "alizama mtoni zamu ya tatu. Amekufa kabisa. Lakini gemu imekataa kuendelea. Inamngoja acheze."

"Inamngoja nani?"

"Jina ndilo hilo hapo chini. Alexander, ni wewe uliandika?"

"Mimi? Si wewe?"

Kicheko cha mwanangu kikakatika. Mimi sikusoma sana, lakini jina hilo nalijua hata gizani.

CHEPKEMBOI.

Katikati ya mto wa bluu alisimama mtu mdogo kama punje ya mahindi. Wenzake wote walishika mikuki. Yeye alikuwa amebeba kitu mgongoni.

"Zima," nikasema.

Alexander akazima. Akawasha. Tukangoja, mashine ikikoroma...

Mto. Yeye. Inamngoja.

Hapo nikasikia harufu. Si ya chai inayokaushwa, hiyo tumeizoea. Ilikuwa ya matope. Matope ya mtoni. Na nyuma yangu, sakafuni...

Tap.

Tap.

"Paa linavuja," Eliakim akanong'ona. Lakini hakuangalia juu.

Chepkemboi alikuwa mke mwenzangu. Maji tulichota kwa kupokezana, leo mimi, kesho yeye. Siku mto ulipofurika, zamu ilikuwa yangu. Nilijilaza, nikashika tumbo, nikaugua uongo. Akabeba mtungi wangu mgongoni, akateremka. Waliompata kule chini waliniuliza ilikuwa zamu ya nani. Nikasema yake. Miaka ishirini na mbili nilisema yake.

Nelvine akatoka chumbani na mtoto. "Mama, amekataa tena."

Alexander akanitazama. Si mjinga, na Chepkemboi alimbeba mgongoni akiwa mdogo. Akauliza polepole, "Mama, uliita majina yote?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbele ya mwanangu, mbele ya mkamwana wangu, mbele ya mgeni nisiyejua hata ukoo wake, nikasema, "Ilikuwa zamu yangu." Nikawaeleza yote. Hakuna aliyeniambia pole. Kisha nikainama kwenye sikio la mtoto, bila ugoro, nikalinong'ona jina.

Akapiga chafya.

Kwenye kioo, yule wa mtoni akasogea hatua moja, akatoka majini. Eliakim akasoma jina la mwenye zamu iliyofuata. Akalisoma tena. Akanigeukia.

"Mama... wewe unaitwa nani?"

Nikasema zima.

Eliakim husema mashine ilikuwa na orodha ya zamani ya wachumaji, na kweli mimi na Chepkemboi tulichuma chai pale. Inawezekana. Lakini Chepkemboi alizama kabla kiwanda hicho hakijaona kompyuta.

Mtoto alinyonya jioni ileile. Mmemwona, ndiye huyo amewapa vikombe. Haniiti Gogo, yaani nyanya; huniita kwa jina langu, na sikubali mtu amrekebishe. Mfereji wa maji ya bomba uko hapo nje, mnauona. Lakini mto ukianza kunguruma, yeye husimama mlangoni na kusema taratibu, "Chepngeno, maji."

Nachukua mtungi na magoti haya, nateremka. Nikirudi, ananiuliza kesho ni zamu ya nani.

Nasema yangu.