Si Vumbi la Mbao

Wateja walimwita seremala huyu Randa, kwa kuwa randa haikumtoka mkononi tangu asubuhi hadi jioni. Yeye alikata na kuunga mbao. Mkewe, Mama Pacha, alipiga msasa na kupaka vanishi. Karakana yao ilikuwa nyuma ya nyumba, na vumbi lake lilifika hadi kwenye masufuria. Mmoja wao akikohoa na mteja akauliza kulikoni, walijibu kwa pamoja, "Vumbi la mbao!" na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo Randa alipoanza kukohoa siku moja, hakuna aliyeshtuka. Hata homa ilipompanda, alisema ni uchovu, akameza vidonge. Kilichomkosesha raha ni ngiri. Ule uvimbe wa kinenani alikuwa nao siku nyingi. Kwa kawaida akilala chali, unarudi ndani. Asubuhi ya siku ya tatu ulikataa. Ukawa mgumu, ukauma vibaya, na Randa akaanza kutapika.

"Twende hospitali, Baba Pacha," mkewe alisema. "Na leo usiniambie habari za kumalizia kabati."

Daktari alimpapasa, uso wake ukabadilika.

"Utumbo umenasa kwenye ngiri," alisema. "Damu haifiki vizuri. Tukichelewa, kipande cha utumbo kitakufa, na maisha yako yatakuwa hatarini. Unapasuliwa leo hii."

Kisha nesi wa mapokezi akauliza, "Ana kikohozi, mafua au homa?"

Mama Pacha alimkumbuka dada yake. Aliwahi kurudishwa nyumbani siku ya kupasuliwa jicho, kisa mafua. Je, na Randa wakimrudisha?

"Hana homa, sista," alijibu upesi. "Kikohozi ni vumbi la mbao tu. Sisi ni mafundi."

Randa alimtazama mkewe, kisha akafumba macho. Vidonge vilikuwa vimempoza mwili, na kipimo cha joto hakikuonyesha kitu.

Wakampeleka kwenye chumba cha kusubiri, jirani na vyumba vya upasuaji. Humo alilala mzee aliyevunjika mguu. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi.

"Karibu, jirani," alisema mzee. "Msogezeni huku tupige soga. Mapafu yangu yamechoka, lakini mdomo bado mzima!"

Randa alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Akajiziba mdomo kwa shuka, macho yakamtoka. Mhudumu alikwisha kushika kitanda, tayari kukisogeza.

Mama Pacha aliutazama ule mpira puani mwa mzee. Aliogopa kumpoteza mumewe. Sasa aliogopa pia kumponza baba wa watu.

"Msimsogeze!" alipaza sauti. "Sista, njoo! Nimesema uongo. Ana homa, amemeza dawa nyumbani. Si vumbi la mbao. Lakini nakuomba, msimrudishe nyumbani, atakufa!"

Nesi wa upasuaji alifika haraka. Hakugomba. Alimvalisha Randa barakoa, akampa mkewe nyingine, akawahamishia chumba cha peke yao na kufunga mlango. Akamwingiza Randa kijiti cha pamba puani. Majibu hayakukawia: ni virusi vya mafua makali.

"Basi mnamrudisha," Mama Pacha alisema.

"Nani kasema? Utumbo ulionasa haungoji mafua yaishe."

"Mbona dada yangu mlimrudisha siku ya kupasuliwa jicho?"

"Jicho lake liliweza kusubiri, mama. Mtu akipewa dawa ya usingizi huku ana mafua, mapafu yanaweza kupata taabu. Inapowezekana, tunangoja apone. Kwa mumeo, kungoja ndiyo hatari kubwa zaidi. Tutampasua, ila tutajipanga tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Virusi hivi hutoka kwa pumzi na kikohozi. Tukimwingiza mpira wa kupumulia kooni, vinaweza kutapakaa hewani. Kwa hiyo tutaingia watu wachache, tumevaa barakoa zinazobana usoni, miwani, gauni na glavu. Milango itafungwa. Ataingia moja kwa moja na kuzindukia humohumo, asichanganywe na wengine. Tukimaliza, tunaacha hewa ya chumba isafishike, tunasafisha vitu vyote, ndipo mgonjwa mwingine aingie."

"Na yule mzee?"

"Atapasuliwa chumba kingine, na tutamwangalia kwa karibu. Umesema kwa wakati. Ungenyamaza, wangelala ubavu kwa ubavu."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Ningesema tangu mapokezi."

"Ndiyo maana tunauliza. Hatuulizi ili tuwafukuze."

Mama Pacha alinawa mikono kwa sabuni, akakaa kungoja. Kila kiatu kilichopita kilimshtua. Hatimaye nesi alitoka, amevua gauni na kunawa.

"Utumbo ni mzima, tumeurudisha mahali pake," alisema. "Amezinduka. Anauliza habari za kabati."

Mama Pacha alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mzigo wote ulimtoka kifuani.

Randa aliuguzwa chumba cha peke yake. Mkewe alipoingia alivaa barakoa, na alipotoka alinawa. Kila siku aliuliza habari za mzee.

"Hajapata hata chafya," nesi alimjibu siku moja. "Mdomo wake tu ndio unatutesa." Siku ile Mama Pacha alilala usingizi mnono.

Mzee aliondoka salama, na Randa naye akarudi nyumbani. Alipopona kabisa akaanza tena kazi nyepesi. Siku hizi wote wawili huvaa barakoa wakipiga msasa.

Jioni moja dada yake Mama Pacha aliingia karakanani, pua inatiririka.

"Mafua haya yananipenda kweli," alilalamika. "Kesho ndiyo zamu ya jicho langu. Lakini safari hii hawanirudishi. Wakiniuliza, nitasema nimepita kwenu, nimeingiwa na vumbi la mbao."

Randa aliweka randa chini. Mkewe aliacha msasa. Wakajibu kwa pamoja:

"Si vumbi la mbao!"

Mama Pacha akafuta mikono, akamkabidhi dada yake simu. "Wapigie hospitali sasa hivi," alisema. "Waambie mwenyewe."