Radi Katikati ya Mbuzi

Asubuhi, ukungu huteremka kutoka vilima vya Kegonga na kulala juu ya mashamba. Mahindi hayaonekani. Mabanda ya kukaushia tumbaku huonekana paa tu, kama yanaelea. Kengele za mbuzi husikika kabla mbuzi wenyewe hawajaonekana.

Saa hizo Priscilla alipenda kuota akiwa macho. Alifungua zizi, akawatoa mbuzi wake, akawafuata polepole hadi bondeni. Ndani ya ukungu ule aliona kitu ambacho hakikuwapo. Aliona mbwa akitembea katikati ya mbuzi. Hakuwa na haraka. Hakubweka. Mbuzi walimpisha tu, wakaendelea kula majani.

Priscilla hakuwahi kumwona mbwa wa namna hiyo popote.

Mbwa wao alikuwa nyumbani. Jina lake lilikuwa Radi. Alikuwa na rangi ya udongo na masikio mapana, na hakuwa amefikisha mwaka mmoja. Wangwe, mume wa Priscilla, ndiye aliyemleta akiwa mdogo. Fisi na mbwa wa kuzurura walikuwa wakiwamaliza mbuzi wao bondeni, hata mchana. Wangwe alimlea Radi kama baba yake alivyolea mbwa, na kama majirani walivyolea wao. Alimfunga nyuma ya banda la tumbaku, mahali penye giza. Alimtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Tena hakumruhusu kabisa kukaribia zizi.

"Mbwa akizoea mbuzi, atamla," alisema Wangwe. "Akae huko na hasira zake."

Hakuna aliyeona kosa hapo. Ndivyo mbwa walivyolelewa.

Siku moja Radi alitafuna kamba ikakatika. Alishuka bondeni mbio. Aliwakuta mbuzi wa jirani yao, Cephas, wakinywa maji. Mbuzi walitawanyika, naye akawafukuza. Akamkamata mmoja mguu. Mbuzi yule hakufa, lakini alirudi nyumbani akichechemea.

Haikupita muda, Cephas akasimama langoni. Alikuwa na upinde.

"Mura!" alimwita Wangwe, kama wanaume wa Kikuria wanavyoitana. "Hiyo mbwa yako imeuma mbuzi yangu. Nimekuja kuimaliza."

Wangwe alitazama chini. "Una haki. Mbwa akishaonja damu hafai tena."

Priscilla alitoka jikoni, akasimama kati ya Cephas na banda la tumbaku.

"Shemeji, nipe muda. Mpaka tumbaku iuzwe."

"Muda wa nini, Mama Tony? Unataka kuipeleka shule?"

"Ndiyo. Nitaifunza."

Cephas alicheka hadi akaegemea upinde wake. "Wangwe, umesikia? Mkeo anataka kumshonea mbwa yunifomu!"

Hata Wangwe alicheka. Lakini kicheko kilipoza hasira kidogo. Cephas alipanguza macho, kisha uso wake ukawa mgumu tena.

"Haya. Mpaka tumbaku iuzwe. Lakini nikiiona ikifukuza mbuzi yangu tena, mshale hautauliza swali."

Jioni ile Priscilla alikaa karibu na Radi. Mbwa alimlamba mkono. Priscilla alijua amepata muda, lakini hakujua pa kuanzia. Hakuwahi kufunza mbwa. Aliwaza: mtu asiyejua njia humwuliza aliyeipita.

Siku ya soko alikwenda Ntimaru. Karibu na mahali pa kuuzia mifugo, watu walikuwa wamemzunguka mwanamume mmoja aitwaye Barnabas. Alikuwa na mbwa mkubwa mwenye mnyororo. Mbwa alitoa meno, watu wakarudi nyuma, wakapiga makofi.

"Niletee mbwa wako, mama," Barnabas alimwambia Priscilla. "Ukija kumchukua hutamtambua. Atakuwa simba!"

Priscilla alikaribia kukubali. Barnabas akainua mkono kujikuna kichwa. Mara yule mbwa mkubwa akajilaza chini, akafumba macho na kutetemeka, kama anayengoja fimbo.

Priscilla aliutazama ule mkono. Kisha akamtazama mbwa.

"Naweza kuja kuona unavyomfunza?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hiyo ni siri ya kazi."

Priscilla alimshukuru, akaenda zake. Hakumchukia Barnabas. Pengine hata yeye alifunzwa vivyo hivyo. Lakini mbwa anayetetemeka hakuwa mbwa aliyemtaka.

Mwisho wa uwanja, mwanamke mmoja alikuwa amesimama na kondoo wake. Baiskeli zilipita, jogoo waliofungwa miguu walipiga kelele, watu walisukumana. Katikati ya kondoo alilala mbwa wa rangi ya kahawia. Aliinua jicho moja, akamtazama Priscilla, akalishusha.

Priscilla alisimama. Alihisi kama ukungu wa asubuhi umemfuata hadi sokoni.

"Mama, mbwa yako ni mgonjwa?" aliuliza hatimaye.

Mwanamke alicheka. "Mgonjwa? Iko kazini, nyathina," alisema. Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo. Mwanamke huyo aliitwa Kezia. Alizaliwa Oyugis, kwa baba aliyefuga kondoo na mbwa, akaolewa Ntimaru.

Priscilla alimweleza habari za Radi, za Cephas na za mshale. Kezia alisikiliza mpaka mwisho.

"Utanifunzia huyo mbwa?" aliuliza Priscilla.

"Hapana."

Priscilla alianza kugeuka.

"Nikimfunza mimi, atanisikia mimi," Kezia alisema. "Wewe ndiye wa kufunzwa. Lakini usiniamini kwa maneno. Njoo kwangu kwanza, ushinde huko, uangalie mbwa zangu wanavyofanya kazi. Wakikupendeza, mlete wako. Wasipokupendeza, tafuta mwalimu mwingine. Sitakasirika."

Priscilla alikwenda. Alikaa nyumbani kwa Kezia tangu kondoo walipotoka hadi waliporudi. Kezia aliita kwa sauti ndogo, na mbwa walimjia wakitikisa mikia. Ndani ya zizi, watoto wa mbwa walikuwa wamelala wakiegemea wanakondoo. Mbwa mmoja mnene alijinyoosha karibu na mlango wa jikoni.

"Na huyu je, hafanyi kazi?"

"Huyo alishindwa. Anapenda watu kuliko kondoo. Si kila mbwa anaweza kazi hii."

Jibu hilo lilimpendeza Priscilla kuliko ahadi zote za Barnabas. Kesho yake alirudi na Radi kwenye kamba.

Kezia aliketi juu ya jiwe, akamtazama mbwa kwa muda mrefu bila kumgusa.

"Amechanjwa?"

"Bado."

"Basi anzia hapo. Mbwa wa malishoni hukutana na fisi na mbwa wa kuzurura. Wanaweza kumwambukiza kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unaua mbwa, na unaua mtu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya lolote." Kisha akauliza, "Kwa nini mlimfungia mbali na mbuzi?"

"Asije akawala."

"Kumbe! Sasa yeye mbuzi hawajui. Anaona kitu kigeni kinakimbia, anakifukuza. Kwake ni mchezo. Lakini mchezo wa mbwa ni kifo cha mbuzi."

Priscilla alimtazama Radi. Hakuwahi kuliona jambo hilo kwa upande huo.

"Angewekwa kando ya zizi alipoacha tu kunyonya, mkimwangalia, angekua anawaona mbuzi kama ndugu," Kezia aliendelea. "Mmechelewa kidogo. Sijui kama ataweza. Tutajaribu."

"Na pilipili?"

"Pilipili inafunza nini, nyathina? Inachoma tumbo tu. Kula wewe uone kama utapata akili."

Priscilla alicheka, na Radi akatikisa mkia.

Kuanzia siku hiyo mambo yalibadilika nyumbani. Radi alipochanjwa, alihamishwa kutoka nyuma ya banda la tumbaku. Alilala kando ya zizi, ua ukiwa kati yake na mbuzi. Chakula alipewa hapo hapo, bila pilipili. Usiku alivuta harufu yao, nao wakavuta yake. Walipozoeana, Priscilla alimfunga kamba ndefu na kutembea naye mbali kidogo na mbuzi wakubwa, walio watulivu. Radi alipowatazama bila kuvuta, Priscilla alisema "Taratibu" kwa sauti ya chini, akamsifu na kumpa kipande cha ugali. Alipovuta, Priscilla aligeuka naye wakaenda upande mwingine. Hakumpiga. Aliacha kabla mbwa hajachoka. Na hakumwacha peke yake na mbuzi hata mara moja.

"Mbwa wa hasira umemgeuza shemasi," Wangwe alimtania. "Jumapili atatoa sadaka."

"Wewe cheka tu, Baba Tony."

Lakini baadaye Priscilla alimwona Wangwe mwenyewe akipeleka sahani ya Radi zizini, akipiga mluzi mdogo.

Si siku zote zilikuwa nzuri. Asubuhi moja mwanambuzi aliruka mbele ya Radi. Radi aliruka pia, kamba ikamchoma Priscilla viganja. Kwa hasira alishika fimbo. Kisha akaona macho ya mbwa. Akaitupa fimbo, akalia kidogo, akamfuata Kezia Ntimaru.

"Ameharibika," alisema.

"Hajaharibika. Ulimpeleka karibu mno, mapema mno. Mrudishe pale alipokuwa ametulia, uanze tena hapo. Ukimpiga, atajifunza kuogopa mbuzi na kukuogopa wewe. Nani basi atabaki kufanya kazi?"

Priscilla alirudi nyuma, akaanza tena, akisogea karibu na mbuzi kidogo kidogo. Asubuhi zilifanana, moja baada ya nyingine, nyeupe na kimya. Alitembea na mbwa ndani ya ukungu hadi wakati mwingine alisahau kwamba kamba iko mkononi.

Tumbaku ilipokuwa inafungwa tayari kwa kuuzwa, Kezia alikuja Kegonga, wakashuka bondeni asubuhi yenye ukungu. Alimtazama Radi akizunguka na mbuzi, akalala kati yao, mwanambuzi akimpanda mgongoni.

"Mfungue," alisema.

Priscilla aliinama. Alifungua fundo. Radi hakukimbia. Alijikung'uta, akalala tena.

Wakati huo huo kengele nyingine zikasikika. Mbuzi wa Cephas walitokea kwenye ukungu wakikimbia, macho yamewatoka, na mwanambuzi mmoja mbele yao. Nyuma yao alikuja Cephas na upinde wake. Aliona mbuzi wake wakikimbia. Aliona Radi akisimama, hana kamba.

"Mama Tony, toka hapo!" Cephas alipaza sauti, akaweka mshale kwenye upinde.

Priscilla alitaka kupiga kelele. Kezia alimshika mkono.

"Sauti ileile ya kila siku," alimnong'oneza.

"Radi," Priscilla alisema polepole. "Taratibu."

Mwanambuzi alimjia Radi moja kwa moja. Radi alimpita bila kumgusa. Alikwenda mbele, akasimama, nywele za mgongoni zikasimama pia. Ndipo wote wakaona. Mbwa wawili wa kuzurura, wembamba, walikuwa wakitoka kwenye ukungu. Wao ndio waliowafukuza mbuzi.

Radi alibweka. Ilikuwa sauti nzito, na bonde likairudisha. Hakuwarukia. Alisimama tu kati yao na mbuzi, akabweka tena. Mbwa wale walisita, wakaondoka wakiangalia nyuma, ukungu ukawafunika. Radi aliwatazama hadi walipotoweka. Kisha alirudi katikati ya mbuzi, akazunguka mara moja, akalala.

Cephas alikuwa bado ameuvuta upinde. Aliulegeza polepole, akautoa mshale.

"Alimwona mwanambuzi wangu?" aliuliza.

"Alimwona," Kezia alijibu.

"Akampita."

"Akampita."

Cephas aliurudisha mshale podoni.

"Mama Tony," alisema, "kesho nitaleta mbuzi zangu hapa hapa, karibu na zenu."

"Walete, shemeji."

Cephas aliweka upinde chini, akaketi kwenye majani yenye umande. Mbuzi wake walikuwa wameanza kuchanganyika na mbuzi wa Priscilla, wakimzunguka Radi na kula. Jua lilipanda, ukungu ukapungua kidogo kidogo. Cephas hakuinuka kuwatenganisha.