Jiwe Lililolaliwa

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mawe ya makaburi, na kwa kazi hiyo alikuwa mcheshi kupita kiasi. Akiulizwa biashara ikoje, alijibu, "Sijawahi kurudishiwa mzigo." Mimi nililelewa kwake, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa jirani. Niliyaona kwa macho yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati. Huko nilijifunza mambo ambayo wasichana wenzangu hawakuwa na haja nayo. Jiwe la kichwani, theluthi yake huzikwa ardhini, la sivyo litainama kama mlevi. Bamba la kufunika kaburi hukatwa refu na pana kuliko shimo, ili kingo zake zikae kwenye udongo ambao haukuchimbwa. Likikatwa sawa na shimo, litadidimia. Na uso wake huchongwa na mwinamo kidogo, ili maji ya mvua yasituame juu yake.

Kulikuwa na sharti jingine, alilolirithi kwa baba yake. Bamba ambalo halijachongwa jina huegemezwa ukutani, uso ukielekea ukuta. Halilazwi na kuachwa peke yake. Nilimuuliza kwa nini.

"Babu yako alinikataza, nami sikumuuliza," akasema. "Mwenye maswali ni wewe."

Siku hiyo alikuwa akimalizia bamba la mwalimu mmoja aliyefariki, mtu mrefu mno, ilibaki jina tu. Joto lilikuwa kali na mgongo ulikuwa ukimsumbua. Mkewe alipoita kwamba chakula kiko mezani, aliliacha bamba limelala juu ya magogo. "Narudi sasa hivi," akasema. Akala, akashiba, akasinzia kitini.

Binti yake wa pekee, tuliyemwita Kifaranga kwa kutotulia kwake, alirudi kutoka shule akiwa hoi kwa jua. Nilimkuta karakanani, juu ya lile bamba, amelala kiubavu, kiganja chini ya shavu. Nikacheka. Mjomba akaja nyuma yangu, na yeye hakucheka. Alimnyakua mtoto kama anayemtoa kwenye moto.

"Nani alikwambia ulale hapa?"

"Pana ubaridi mzuri, baba," Kifaranga akasema, macho bado ameyafumba. "Halafu linanitosha."

Mjomba akajikaza, akalichonga jina jioni ile ile, lakini hakupiga mluzi kama kawaida yake.

Asubuhi tulilipeleka makaburini. Wanaume wakalishusha juu ya kaburi la mwalimu, kisha wakaanza kutazamana. Lilikuwa fupi. Upande wote wa miguuni udongo ulibaki wazi. Mjomba akapiga magoti, akapapasa kingo. Hazikuwa zimekatwa popote, na pembe za mviringo alizozichonga mwenyewe zilikuwepo zote. Pale alipochonga jina palikuwa laini. Mjane wa mwalimu akamsogelea sikioni.

"Fundi," akanong'ona, "hili umemchongea mtoto gani?"

Tulirudi nyumbani na lile bamba, mjomba akihimiza gari njia nzima. Kifaranga alikuwa kitandani. Mama yake alikuwa anajaribu kumgeuza, anashindwa. "Mzito," akasema. "Jamani, mwanangu amekuwa mzito." Nikamshika mguu. Ulikuwa baridi. Daktari akaitwa, akampima, hakuona ugonjwa. Aliondoka akijipangusa vidole. Vilikuwa na vumbi jeupe.

Mjomba alimtazama mwanawe kitambo. Sijapata kuona mtu akipenda namna ile, kwa hofu na hasira kwa pamoja. Kisha akatoka. Nilimfuata hadi karakanani, nikamkuta ameshalilaza bamba juu ya magogo. Alikuwa anavua viatu.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Kaa nje. Funga mlango."

Nikafunga. Nikachungulia kwenye ufa. Akapanda. Akalala chali. Miguu ikaning'inia nje ya jiwe. Kisha nikasikia mkwaruzo, mzito, wa kabati linaloburutwa sakafuni. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, miguu yake haikuning'inia tena.

Kutoka ndani ya nyumba Kifaranga akaita, "Mama, nina kiu."

Mnadhani mjomba alikufa siku ile. Hakufa. Alishuka, akavaa viatu, akaniambia, "Hili sasa haliuzwi." Mwalimu akachongewa jingine. Lile lilikaa limeegemea ukuta miaka mingi, hadi mjomba alipokufa kwa uzee, tukamfunika nalo. Lilimwenea, kingo zote kwenye udongo mgumu. Nililia sana, lakini pia nilishukuru. Nilidhani deni limekwisha.

Sasa mimi ndiye ninayelifagia kaburi lake. Mvua za kwanza zilipopita, nilikuta maji yametuama juu ya lile bamba, lile lile lenye mwinamo. Yalikuwa ndani ya kibonyeo. Kibonyeo cha mtoto aliyelala kiubavu, kiganja chini ya shavu. Na kila msimu kimekuwa kikirefuka. Kifaranga siku hizi ni mwanamke mzima na anaishi mji wa mbali. Kila akisema anataka kuja kulizuru kaburi la baba yake, namzushia kisingizio.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha hadi alfajiri. Kulipopambazuka nikaenda na kitambaa kuyakausha maji. Kibonyeo sasa ni cha mtu mzima. Nikatia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikampigia simu Kifaranga pale pale.

"Umeamka?"

"Ndiyo kwanza, dada," akajibu kwa sauti ya usingizi. Nikamsikia akipapasa kitanda. "Huku hata mvua haikunyesha. Mbona nimelowa upande mmoja?"