Kikapu cha Madam Despina

Kila asubuhi, katika mtaa wa Balat mjini Istanbul, Madam Despina huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani kwake ghorofani. Miguu yake haiwezi tena ngazi. Jirani yake wa miaka mingi, Bibi Müzeyyen, hukitia mkate na dawa ya moyo, kisha huitikisa kamba, na Madam hukipandisha taratibu.

Siku hiyo Bibi alikuwa akikaanga biringanya.

"Nehir, mpelekee Madam vitu vyake. Na usinichezee njiani, nakujua wewe!"

Nehir, mjukuu wake aliyekuja likizo, alicheka akatoka mbio.

Mbele ya nyumba ya Madam, yenye rangi ya waridi, watalii walikuwa wamejaa wakiipiga picha kwa simu zao. Nehir alikwisha kutia mkate na dawa kikapuni dada mmoja alipomwita.

"Mdogo wangu, hebu kisogeze hicho, kinaharibu picha. Halafu simama wewe hapo, umependeza kweli!"

Nehir akavimba kichwa. Aliifunga kamba kwenye msumari wa dirisha la chini, akapiga pozi. Wakamnunulia aiskrimu, akawazungusha mtaani, na kikapu kikamtoka akilini.

"Umempa?" Bibi aliuliza wakati wa chakula cha mchana.

Hapo ndipo Nehir alipokikumbuka kikapu. "Nimempa, Bibi."

Aliziacha biringanya sahanini. Akachomoka hadi kwa Madam. Alikuta kamba imekatika kwa kuvutwa, kikapu kimelala ubavu, shakwe wanagombea mkate, na dawa ipo palepale.

"Madam! Madam Despina!"

Aligonga mlango hadi mikono ikauma, lakini ufunguo wa mlango ule Madam huuteremsha kwa kikapu tu. Wageni walimtazama, wakaendelea kupiga picha. Nehir akakaa kizingitini akilia, asijue la kufanya. Lilibaki jambo moja, nalo ndilo alilokuwa akiliogopa. Akarudi nyumbani.

"Nimekudanganya, Bibi. Dawa haikufika."

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimwita Fundi Agop, mshona viatu, aliyekuja na nyundo akavunja kitasa. Walimkuta Madam ameketi sakafuni chini ya dirisha, midomo imepauka, kipande cha kamba bado kimezungushwa mkononi.

Alipokwisha kumeza dawa na kupumzika, alinong'ona, "Nilivuta, nikavuta. Nikasema basi, hata Müzeyyen amenichoka."

Bibi akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Nisamehe, Madam," Nehir alisema huku akilia.

"Kanitafutie kamba mpya, mtundu wewe. Tena nene!"

Jioni Nehir aliifunga kamba hiyo kikapuni, akaikaza mara mbili. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kusahau, mjukuu wangu, sote tunasahau," alisema. "Lakini nilipokuuliza, muda ulikuwa bado upo. Uliponijibu 'nimempa', ndipo ulipomfungia Madam mlango."